Gari la Zamani Linapomisi: Namna ya Kusoma Kodi za Injini na Kufika Kwenye Chanzo

Injini ya silinda nne yenye afya huwa na mlio mmoja ulioshikamana, na mtu aliyelizoea gari lake huutambua hata akiwa ndani ya nyumba. Siku silinda moja inapoacha kuchoma mafuta yake, mlio ule hukatika kwa vipindi, usukani hutikisika gari likiwa limesimama kwenye taa za barabarani, nguvu hupungua mlimani, na harufu ya petroli mbichi husikika nyuma kwenye ekzosi. Mafundi wetu husema gari linamisi. Mara nyingi, ingawa si kila mara, taa ya cheki injini nayo huwaka kwenye dashibodi, na hapo ndipo gharama zisizo za lazima huanzia: mashine ya kusomea kompyuta ya gari huchomekwa, kodi, yaani namba ya kosa, husomwa, jina la sensa, kifaa kinachopima hali ya injini, hutajwa, na mwenye gari hutumwa dukani kuinunua kabla mtu yeyote hajaugusa waya wake kwa multimita, kile kipimo cha umeme.

Kodi ni lalamiko la kontrolboksi, yaani kompyuta ya injini, kuhusu saketi au hali fulani ambayo haikulingana na ilivyotarajiwa. Haisemi ni kifaa kipi kimekufa. Saketi moja ya sensa ina sensa yenyewe, plagi yake ya kuunganishia, nyaya mbili, tatu au nne, ethi (njia ya umeme kurudi kwenye bodi na betri) na kontrolboksi, na lolote kati ya hayo likiharibika linaweza kuandika kodi ile ile. Tena sensa nzima kabisa inaweza kulalamikiwa kwa sababu inaripoti ukweli ambao kontrolboksi haikuupenda, kama vile sensa ya oksijeni iliyo kwenye ekzosi inaposema kuwa mafuta ni machache wakati kweli ni machache. Mwongozo huu umejengwa juu ya jambo hilo moja, na mifano yake nimeichukua kwenye Toyota za aina mbili zilizojaa barabarani kwetu: Corolla 100 ya miaka ya 1990 yenye injini ya 5A-FE na distribyuta inayogawa moto kwa silinda zote, na jamii ya injini ya 1NZ-FE yenye koili nne, moja ya kuzalisha cheche kwa kila silinda, ambayo imo ndani ya IST, Probox, Fielder na baadhi ya Vitz.

Kabla ya kuchomeka mashine

Mwulize mwenye gari, au ujiulize mwenyewe, tatizo hutokea wakati gani. Gari linalomisi asubuhi likiwa la baridi na kutulia likipata moto si sawa na lile linalokwenda vizuri kwa nusu saa kisha likaanza kukatika. La kwanza hunielekeza kwenye sensa ya joto la maji, nozeli (vinyunyizio vya petroli) zinazovuja au maji ya rejeta yanayopenyeza kwenye silinda usiku. La pili hunielekeza kwenye koili, au kwenye sensa ya krenkshafti, mhimili mkuu wa injini, inayokata mawasiliano ikipata joto. Linalomisi kwenye sailensa tu, yaani injini ikiwaka bila kukanyagwa mafuta, kisha likatulia mwendo ukipanda, mara nyingi linavuta hewa ya pembeni, inayopenya kwenye mwanya usio njia yake. Linalomisi likikanyagwa mlimani mara nyingi lina udhaifu wa moto, kwa sababu kadiri mchanganyiko wa hewa na mafuta unavyobanwa zaidi ndani ya silinda, ndivyo cheche inavyohitaji volti kubwa zaidi kuruka kwenye ncha za plagi ya moto, na koili chovu au waya wenye ufa hushindwa hapo hapo.

Uliza pia mambo matatu ambayo watu husahau kuyataja kwa kuwa hawadhani yanahusika. Je, injini ilioshwa kwa maji ya presha siku moja au mbili zilizopita? Nimeona magari mengi mno yaliyoingia sehemu ya kuoshea yakiwa mazima na kutoka yakimisi, kwa sababu maji yalijaa kwenye matundu ya plagi na kwenye plagi za nyaya. Je, tatizo lilianza mara tu baada ya kujaza mafuta? Petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa haina uwezo wa kustahimili mbano, na injini iliyokuwa tulivu huanza kugonga na kukosa nguvu ndani ya safari moja. Uchakachuaji wa aina hiyo ndio uliosababisha Tanzania kuanza kuweka vinasaba, yaani alama za kutambulisha mafuta halali, kwenye mafuta mwaka 2010. Na je, kuna fundi aliyefungua kitu hivi karibuni? Waya uliosahauliwa bila kurudishwa ni chanzo cha kawaida kuliko sensa iliyokufa.

Angalia taa yenyewe. Kwenye magari yenye mfumo wa kutambua kumisi, taa inayowaka bila kupepesa humaanisha kodi imehifadhiwa na unaweza kuendesha kwa uangalifu hadi mahali pa kupimia, lakini taa inayopepesa wakati gari linamisi humaanisha petroli isiyoungua inaingia kwenye ekzosi kwa wingi. Petroli hiyo huungulia ndani ya kifaa cha kusafishia moshi, kile ambacho mafundi huita masega, na joto lake huweza kuyayeyusha. Punguza mwendo mara moja, na usiende safari ndefu kwa hali hiyo.

Kisha pima betri. Ikiwa imepumzika inatakiwa kuwa karibu na volti 12.6, na injini ikiwaka alteneta itoe takriban volti 13.5 hadi 14.5. Umeme ulio chini ya hapo, au nyaya za ethi zenye kutu kati ya betri, bodi na injini, huzaa kodi za ajabu kwenye sensa tatu au nne ambazo hazina uhusiano wowote. Ukikuta kodi nyingi zisizoshabihiana, safisha vichwa vya betri na ethi kwanza, futa kodi, kisha uone zipi zinarudi.

Kuzisoma kodi

Corolla 100 haihitaji mashine. Chini ya boneti kuna kisanduku kidogo chenye mfuniko na matundu yaliyoandikwa majina upande wa ndani wa mfuniko. Zima gari, tafuta matundu ya TE1 na E1, uyaunganishe kwa kipande cha waya, kisha weka swichi kwenye hatua ya mwisho kabla ya kupiga stata, bila kuwasha injini. Taa ya cheki injini itaanza kupepesa. Ikipepesa mfululizo kwa kasi moja bila kusita, hakuna kodi iliyohifadhiwa. Ikipepesa kwa makundi, hesabu: mapepeso mawili, kituo kifupi, kisha mapepeso mawili tena ni kodi 22, ambayo ni saketi ya sensa ya joto la maji. Kituo kirefu zaidi hutenganisha kodi moja na nyingine. Hakikisha majina ya matundu mara mbili kabla ya kuunganisha, kwa kuwa kisanduku hicho hicho kina matundu yenye umeme wa betri, na kosa la tundu moja linaweza kuunguza fyuzi au kontrolboksi.

Kodi ambazo fundi wa injini hizo hukutana nazo zaidi ni 12 na 13, zinazohusu ishara ya mzunguko wa injini kutoka ndani ya distribyuta; 14, inayohusu ishara ya moto; 21 ya sensa ya oksijeni; 22 ya joto la maji; 24 ya joto la hewa; 31 ya sensa ya presha ya manifoldi (mabomba ya kuingizia hewa); na 41 ya sensa ya throto (mlango wa hewa unaofunguliwa ukikanyaga mafuta). Kodi 51 isikushtue, kwani huonekana ikiwa kiyoyozi kimewashwa au mguu uko kwenye mafuta wakati wa kusoma. Mfumo huu haujui kutambua kumisi kwa silinda mojamoja. Utakwambia sensa imekatika, lakini plagi mbovu ya silinda ya tatu utaitafuta mwenyewe.

Magari ya baadaye yana soketi ya pini 16 chini ya usukani. Marekani iliilazimisha kwa magari ya mwaka wa modeli wa 1996 na kuendelea, na Umoja wa Ulaya ukafuata kwa magari ya petroli mwaka 2001. Toyota zetu nyingi hata hivyo zilitengenezwa kwa ajili ya barabara za Japani, na baadhi yake, hasa za mwanzoni mwa miaka ya 2000, zina soketi ya umbo lile lile lakini hazizungumzi na kile kifaa kidogo cha Bluetooth kinachotumika na simu. Kifaa kikikataa kuunganika usihitimishe kuwa kontrolboksi imekufa. Tafuta mashine yenye programu ya Toyota za Japani. Jambo la pili ni kwamba baadhi ya magari hayo hayaandiki kabisa kodi za kumisi hata silinda moja ikiwa imelala moja kwa moja, na kwa hiyo ukosefu wa kodi si ushahidi kwamba injini ni nzima.

Kodi ikitokea, iandike kwenye karatasi kabla ya kuifuta, pamoja na takwimu ambazo mashine nyingi huonyesha za hali ya injini wakati kodi ilipohifadhiwa: mzunguko, joto la maji, mwendo wa gari na mzigo. Takwimu hizo hueleza kama kosa lilitokea gari likiwa la baridi kwenye sailensa au likiwa la moto kwenye barabara kuu, nazo hupotea kodi ikifutwa au betri ikitolewa. Tabia ya kuchomoa betri ili taa izime, ambayo imeenea sana, hufuta ushahidi wote na kuacha ugonjwa palepale.

Kuitafuta silinda iliyolala

Kodi P0301 hadi P0304 hutaja silinda kwa namba yake ya mwisho, na P0300 husema kumisi kunahamahama. Kwenye 1NZ-FE silinda namba 1 iko upande wa cheni na mikanda. Toyota hizi zina pia P1300, P1305, P1310 na P1315, ambazo huhusu saketi ya moto ya koili ya kwanza, ya pili, ya tatu na ya nne kwa mfuatano huo, na ukizikuta anza na waya na plagi ya kuunganishia ya koili husika kabla ya kuilaumu koili yenyewe.

Kama hakuna kodi, iache injini iwake kwenye sailensa na uchomoe plagi ya umeme ya nozeli moja kwa wakati mmoja. Silinda nzima ikinyimwa mafuta, mzunguko hushuka na injini hutetemeka zaidi. Ukifika kwenye silinda iliyokuwa imelala tayari, hakuna kitakachobadilika. Napendelea kukata nozeli badala ya koili kwa sababu ukikata koili petroli huendelea kumwagwa na kuishia kwenye masega. Kwenye injini yenye distribyuta usivute waya wa plagi kwa mkono wakati injini inawaka, kwa maana mshtuko wake ni mkali na mkono unaoruka unaweza kuangukia kwenye feni au mkanda. Na kazi hii yote ifanyike mahali pa wazi, kamwe si ndani ya gereji iliyofungwa, kwa sababu moshi wa ekzosi una gesi inayoua bila harufu.

Silinda ikishajulikana, tumia njia ya kuhamisha, ambayo haina gharama yoyote. Zima injini, chukua koili ya silinda iliyolala, tuseme ya pili, uibadilishane na ya tatu, futa kodi, kisha uendeshe. Kama lalamiko limehamia silinda ya tatu, koili ni mbovu na umelithibitisha hilo bila kununua kitu. Kama limebaki kwenye ya pili, hamisha plagi vivyo hivyo. Kama bado limebaki, liko kwenye nozeli, kwenye waya au kwenye kompresheni, yaani mbano wa silinda. Hamisha kitu kimoja tu kwa safari moja. Ukihamisha koili na plagi pamoja hutajua kipi kilichosafiri na tatizo.

Unapotoa plagi, itazame vizuri, kwa sababu hakuna sensa inayosema mengi kama ncha yake. Rangi ya kahawia iliyopauka ni ya afya. Masizi makavu meusi ni mafuta mengi au cheche dhaifu. Plagi iliyolowa petroli ilipata mafuta na haikupata moto. Ute mweusi wa oili kwenye ncha ni ringi za pistoni au sili za valvu, lakini oili iliyolowesha upande wa juu, kwenye kauri na ndani ya mpira wa koili, ni ugonjwa mwingine kabisa na mwepesi zaidi: sili za matundu ya plagi kwenye kava ya valvu zimekauka, oili inajaa ndani ya tundu, mpira wa koili unalainika, na cheche inapita pembeni kwenda kwenye bodi ya injini. Ukiweka koili mpya bila kubadilisha sili hizo, itakufa vilevile. Plagi nyeupe mno na iliyooshwa ikawa safi kuliko wenzake, kwenye injini inayopunguza maji ya rejeta bila kuvuja nje, inaashiria maji yanayoingia kwenye silinda. Nafasi ya ncha kwenye 1NZ-FE ni takriban milimita 1.1. Kwa nyaya za plagi za injini yenye distribyuta, pima ukinzani wa kila waya: Toyota huweka kikomo cha kiloohmu 25, na waya uliozidi hapo haufai. Fungua pia kava ya distribyuta, kwa kuwa ufa mwembamba uliojaa masizi hupitisha cheche kutoka silinda moja hadi nyingine, hasa asubuhi zenye unyevunyevu, na ufa huo huonekana kwa tochi tu.

Plagi bandia ni janga la soko letu. Zimefungwa kwenye boksi linalofanana na la kampuni halisi, na nyingi hudumu wiki chache. Nunua kwa muuzaji anayekubali kurudishiwa, linganisha maandishi ya kwenye kauri na ya plagi uliyoitoa, na ukiona nne zote zimeanza kumisi mwezi huo huo uliozifunga, usianze kutafuta ugonjwa mwingine kabla hujazibadilisha. Kwa upande wa koili, mimi huona afadhali ya mtumba iliyotoka kwenye injini iliyokuwa inafanya kazi kuliko mpya ya bei ya kutupa isiyo na jina.

Nozeli hupimwa kwa sikio na multimita. Weka bisibisi ndefu juu yake na sikio kwenye mpini: nzima hugonga kwa vipigo vya haraka vilivyo sawa. Ukinzani wake kwenye injini hizi ni karibu ohmu 14 ikiwa baridi. Ikigonga vizuri na ukinzani ukawa sawa, bado inaweza kuwa imeziba, na hapo huhamishwa kama koili au kupelekwa kwenye mashine ya kusafishia.

Kompresheni iwe ya mwisho kwa sababu ya kazi yake, lakini isirukwe. Injini ikiwa ya moto, toa plagi zote nne, chomoa umeme wa koili na nozeli, kanyaga mafuta hadi chini, kisha piga stata hadi sindano ya geji iache kupanda. Kwenye 1NZ-FE kiwango cha kawaida ni kilopaskali 1,471, yaani takriban psi 213. Cha chini kabisa ni kilopaskali 1,079, na tofauti kati ya silinda isizidi kilopaskali 98. Silinda ikiwa chini, mimina kijiko kimoja cha oili kwenye tundu la plagi na upime tena. Ikipanda sana, ringi zimechoka. Isipopanda, ni valvu au gasketi ya hedi. Silinda mbili zinazopakana zikiwa chini pamoja, gasketi ndiyo mshukiwa wa kwanza. Gari lenye tatizo hilo halitaponywa na sensa yoyote.

Kodi za sensa: pima waya kabla ya kifaa

Sensa nyingi za injini hupewa volti 5 na kontrolboksi na kurudisha sehemu ya volti hiyo. Ukilijua hilo, maneno ya kodi yanaanza kueleweka. P0117 husema ishara ya joto la maji iko chini mno, yaani waya wa ishara umegusa ethi au sensa imeunganika ndani kwa ndani. P0118 husema iko juu mno, yaani saketi imekatika mahali fulani: plagi imetoka, waya umekatika au sensa imefunguka ndani.

Jaribio la dakika mbili hutosha kuzitenganisha. Fungua mashine kwenye takwimu za papo kwa papo, chomoa plagi ya sensa ya joto la maji, utazame: mashine ionyeshe nyuzi 40 chini ya sifuri. Kisha unganisha matundu mawili ya plagi hiyo, upande wa waya, kwa kipande cha waya: usomaji uruke hadi joto la juu kabisa. Vikitokea vyote viwili, nyaya na kontrolboksi ni nzima na sensa ndiyo yenye kosa. Kisipotokea kimojawapo, sensa mpya itakuwa hasara. Fanya hivyo kwa sensa yenye nyaya mbili tu. Zile zenye nyaya tatu usiziunganishe ovyo. Ukitaka kupima sensa yenyewe, ukinzani wake kwenye Toyota hizi ni kama kiloohmu 2 hadi 3 kwenye nyuzi 20, na hushuka hadi kiloohmu 0.2 hadi 0.4 kwenye nyuzi 80. Sensa hii inastahili heshima kubwa kuliko inayopewa. Ikisema injini ni ya baridi wakati ni ya moto, mafuta humwagwa kwa wingi, plagi hupata masizi, gari hula petroli na kumisi, na mara nyingine hakuna kodi yoyote inayoandikwa kwa kuwa usomaji wa nyuzi 30 si kosa kwa macho ya kontrolboksi. Linganisha tu: gari lililolala usiku kucha linapaswa kuonyesha joto la maji na la hewa karibu sawa asubuhi.

P0171 ndiyo kodi inayouza sensa za oksijeni zisizohitajika. Inasema mchanganyiko una mafuta machache kuliko hewa, na sensa ya oksijeni ndiye shahidi aliyetoa habari. Niliwahi kuletewa Fielder iliyobadilishwa sensa hiyo mara mbili kwenye karakana nyingine, na taa ilirudi kila mara baada ya siku tatu. Mpira mkubwa wa hewa kati ya boksi la filta na throtobodi ulikuwa na ufa upande wa chini, kwenye mikunjo yake, uliofunguka injini ilipojitingisha na kujifunga ilipotulia. Hewa iliyoingia hapo haikupita kwenye sensa ya hewa, kwa hiyo haikuhesabiwa wala kupewa mafuta yake.

Marekebisho ya mafuta kwenye mashine, yaani asilimia ya petroli ambayo kontrolboksi inaongeza au kupunguza, hutenganisha vyanzo. Yakiwa juu sana kwenye sailensa, tuseme asilimia 20, na kushuka karibu na sifuri kwenye mzunguko wa 2,500 kwa dakika, injini inavuta hewa ya pembeni, kwa kuwa tundu dogo huwa na uzito mkubwa pale hewa nyingine inapokuwa kidogo. Yakipanda zaidi kadiri unavyokanyaga, mafuta ndiyo hayatoshi: filta, pampu, au sensa ya hewa iliyochafuka inayohesabu pungufu. Presha ya mafuta kwenye 1NZ-FE huwa kati ya kilopaskali 304 na 343. Sensa ya hewa husafishwa kwa dawa yake maalumu, ikapulizwa tu na kuachwa ikauke bila kuguswa kwa kitambaa wala kijiti, maana nyaya zake ni nyembamba kama unywele. Kutafuta uvujaji, nyunyizia maji kidogo kwa chupa kwenye viungo vya manifoldi na mipira, ukisikiliza mlio unapobadilika. Kupuliza petroli au dawa inayowaka juu ya injini ya moto, kama nionavyo kila siku, ni kuchezea moto. Corolla 100 hutenda tofauti, kwa kuwa hupima presha ya manifoldi badala ya hewa yenyewe: hewa ya pembeni huifanya sailensa iwe juu bila mchanganyiko kuharibika sana.

Sensa ya oksijeni yenyewe hupimwa injini ikiwa ya moto. Ile ya mbele, ya aina ya kawaida, hupanda na kushuka mfululizo kati ya volti 0.1 na 0.9. Ikiganda chini, ongeza mafuta kwa makusudi kwa kukanyaga ghafla. Ikiruka juu, iko hai na ilikuwa inasema kweli. P0135 ni habari nyingine, inahusu hita iliyo ndani ya sensa, na hapo angalia fyuzi kwanza.

P0335 ya krenkshafti na P0340 ya kemshafti, mhimili unaofungua valvu, huzima gari kabisa au hulifanya liwake kwa shida. Gari linalozima likiwa la moto na kuwaka tena baada ya kupoa kwa nusu saa linaomba sensa ya krenkshafti ipimwe wakati huo huo lilipozima, si kesho yake. Piga stata ukitazama mzunguko kwenye mashine: ukibaki sifuri ilhali injini inazunguka, ishara haifiki. P1349, ya mfumo wa VVT-i unaobadilisha wakati wa kufunguka kwa valvu, mara nyingi huanzia kwenye oili chafu au iliyopungua, ambayo huziba kichujio kidogo cha valvu yake. Badilisha oili na usafishe kichujio hicho kabla ya kununua valvu. P0420, inayolalamikia masega, ikija baada ya miezi ya kumisi, tibu kumisi kwanza, wala usikubali masega yatolewe kama njia ya kuzima taa.

Kuthibitisha

Baada ya matengenezo futa kodi, kisha endesha kwa hali ile ile iliyoandikwa kwenye karatasi yako: kama kosa lilitokea injini ikiwa ya baridi, kuzunguka mtaa mchana gari likiwa la moto hakuthibitishi lolote. Kodi nyingi huhitaji safari mbili zenye kosa kabla taa haijawaka, kwa hiyo taa iliyozimika siku ya kwanza si jibu. Ingia kwenye orodha ya kodi zinazosubiri uone kama kuna iliyojiandika kimya. Ukitoa betri au fyuzi ya EFI (mfumo wa kunyunyizia petroli), sailensa inaweza kuyumba kwa muda hadi kontrolboksi ijifunze upya, jambo ambalo lisikufanye uanze kufungua tena. Tazama marekebisho ya mafuta kwenye sailensa na kwenye mzunguko wa 2,500. Yakibaki ndani ya asilimia 10 juu au chini kwa siku kadhaa, mrudishie mwenye gari funguo pamoja na karatasi ya kodi za awali, ili fundi atakayefuata asianze upya.